Kukaa Unguja na Pemba Ukitafiti Lugha Skulini: Mwongozo kwa Mtafiti Mgeni

Mwongozo huu unamlenga mtafiti anayetoka nje ya Tanzania, awe Mkenya anayesoma shahada ya uzamili Nairobi, Mkongo wa Lubumbashi au mwanafunzi wa Kiswahili wa Leipzig, ambaye anataka kukaa Zanzibar miezi kadhaa akichunguza lugha ya wanafunzi au lugha ya kufundishia. Wengi wanaokuja kwa kazi hii hujiandaa vizuri kwa nadharia na vibaya kwa maisha, na mambo hayo mawili hayatengani. Mtoto wa Micheweni, kaskazini ya Pemba, akiulizwa jambo na mgeni hujibu kwa Kiswahili cha kitabuni. Mgeni akishaondoka, mazungumzo hurudi kwenye lugha yake. Mtafiti asiyelitambua hilo mapema hurudi kwao na saa nyingi za sauti zinazomwonyesha tu jinsi watoto wanavyozungumza na wageni. Kwa hiyo hatua zote zinazofuata, tangu kibali mpaka nyumba ya kupanga, nimezieleza kwa kuzingatia swali moja: mtafiti atafikaje pahala ambapo watoto watazungumza mbele yake kama wanavyozungumza siku zote?

Chagua pahala kwa sababu ya lugha

Zanzibar ina wilaya 11, saba Unguja na nne Pemba, na ni kosa kuzichukua zote kuwa kitu kimoja kwa upande wa lugha. Kiunguja cha mjini ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu katika mkutano wa Mombasa wa 1928, na Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930 ikakiendeleza. Kwa sababu hiyo watu wa nje hudhani kwamba visiwa vizima vinazungumza kama kamusi. Ukweli ni kwamba Makunduchi, kusini ya Unguja, wana Kimakunduchi, ambacho wengine hukiita Kikae. Tumbatu na baadhi ya vijiji vya Kaskazini Unguja wana Kitumbatu. Na Pemba wana Kipemba, ambacho chenyewe hakilingani kutoka kusini hadi kaskazini ya kisiwa. Baraza la Kiswahili la Zanzibar, BAKIZA, limechapisha makamusi ya lahaja hizi tatu, na mtafiti anayekuja bila ya kuyapitia anajipotezea mwezi wa kwanza.

Ikiwa mada yako ni lugha ya kufundishia, soma kwanza Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006. Sera hiyo ndiyo iliyofanya elimu ya msingi iwe ya miaka 6, na ndiyo iliyoelekeza kwamba Hisabati na Sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, jambo ambalo mgeni aliyezoea habari za Tanzania Bara halitarajii. Mitaala imeendelea kurekebishwa tangu wakati huo, kwa hiyo muulize afisa elimu wa wilaya unayokwenda ni vitabu gani vinavyotumika mwaka huo, na katika madarasa yepi. Pamoja na hayo kuna Kiarabu, ambacho ni somo skulini na pia ndiyo lugha ya msahafu chuoni, pale mtoto anapokwenda kusoma Qur'ani kabla au baada ya saa za skuli. Mtoto mmoja wa miaka 11 huwa amepita katika lahaja ya nyumbani, Kiswahili Sanifu, Kiarabu na Kiingereza kabla jua halijatua. Utafiti unaohesabu lugha mbili tu unaanza na hesabu pungufu.

Vibali: anza mapema, tena anza kwenu

Chuo chako kikupe barua ya utambulisho inayotaja jina lako kama lilivyo katika pasipoti, mada, muda na wilaya unazokusudia. Halafu tafuta taasisi mwenyeji. Kwa utafiti wa lugha, mlango wa kwanza kubisha hodi ni Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, chenye kampasi kuu Tunguu. Ndani yake imo ile taasisi ya Kiswahili na lugha za kigeni iliyoanzishwa 1978 kwa jina la TAKILUKI, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikisomesha wageni Kiswahili na inaelewa vyema mahitaji ya mtafiti wa nje. Mwenyeji mwenye jina linalojulikana hukusaidia kuliko barua kumi za mihuri mizuri.

Zanzibar ina utaratibu wake wa vibali vya utafiti, unaopitia Afisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali. Kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, ulichokipata kwa ajili ya Bara hakitoshi kukuingiza katika skuli ya Wete, Pemba. Uhamiaji, kwa upande mwengine, ni jambo la Muungano, ilhali elimu ya msingi na sekondari si la Muungano; ndiyo maana utajikuta ukihudumiwa na serikali mbili, na ni busara kulielewa hilo tangu mwanzo badala ya kulalamika mbele ya makarani. Idara ya Uhamiaji hutoa kibali cha ukaazi cha daraja C, ambacho ndicho kinachowahusu wanafunzi na watafiti. Usiingie kwa ruhusa ya matembezi kisha ukaanza kukaa darasani na kinasa sauti, kwa sababu anayetiwa mashakani baadaye ni mwalimu mkuu aliyekupokea. Kumbuka pia kwamba tangu Oktoba 2024 wageni kutoka nje ya nchi wanatakiwa kuwa na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar; ishughulikie kabla ya kupanda ndege au boti.

Kibali kikishatoka, kipeleke Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, ambayo itakuandikia barua ya kwenda skulini. Kwa Pemba barua hupitia afisi ya Wizara iliyopo huko huko, kisha kwa afisa elimu wa wilaya, ndipo ifike kwa mwalimu mkuu. Tembea na nakala nyingi. Hojaji na mwongozo wa mahojiano uwe nao kwa Kiswahili tangu mwanzo, kwa sababu watakaousoma watataka kujua hasa utawauliza watoto nini, na wana haki hiyo.

Muda

Mwaka wa masomo huanza Januari. Zipo nyakati nne za kuepuka au za kuzipangia mapema. Wiki za mitihani hakuna mwalimu atakayekuwa na nafasi ya kukusikiliza. Mwezi wa Ramadhani ratiba hubadilika, watoto huchoka mapema, na mgeni, hata asiyekuwa Muislamu, hali wala hanywi hadharani mchana. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mvua ikipiga juu ya bati hutasikia hata sauti yako mwenyewe, seuze ya mtoto wa darasa la pili. Rikodi za siku hizo nyingi hazinukuliki. Na katika msimu wa karafuu Pemba mahudhurio hupungua, maana mkono wa mtoto nao unahitajika shamba.

Msimu huo wa karafuu, hata hivyo, ningemshauri mtafiti wa Kipemba asiukimbie. Jioni karafuu zikishaletwa kutoka shamba, watu hukaa ukumbini au uwanjani wakizichambua, karafuu upande mmoja na makonyo, yaani vikonyo vyake, upande mwengine. Mikono inafanya kazi, macho yapo chini, na mdomo uko huru. Bibi anamsimulia mjukuu, dada wanataniana, mtoto anamkosoa mdogo wake anayetia makonyo kwenye karafuu. Mgeni anayekaa chini naye akachambua, taratibu na vibaya kama atakavyoanza, husikia katika saa moja mazungumzo ambayo hatayapata kwa mwezi mzima wa hojaji. Kinasa sauti usikitoe usiku wa kwanza wala wa pili.

Nyumba ya kukaa

Hoteli za Nungwi na Paje zimejengwa kwa ajili ya watalii, na lugha ya mezani huko siyo uliyoijia. Panga chumba katika shehia (ngazi ya chini ya utawala Zanzibar, mfano wa mtaa au kijiji) ambayo watoto wa skuli yako wanaishi, au, ikiwezekana, kaa na familia. Kwa mtafiti mwanamke aliye peke yake, kukaa na familia ndiyo njia bora kabisa: atakuwa na mama wa kumwuliza, watoto wa kuzungumza nao, na jirani hatouliza maswali. Mwanamme asiye na mke huenda akakuta baadhi ya wenye nyumba wanasita kumpa chumba karibu na familia zao; asione uchungu, amwendee sheha, kiongozi wa shehia, amsaidie kutafuta pahala panapofaa.

Sheha ni mtu wa kumwona katika siku za mwanzo kabisa, kabla hujafungua mabegi yote. Mpelekee nakala ya pasipoti na ya kibali, mweleze kwa utulivu unafanya nini na utakaa hadi lini. Yeye ndiye atakayeulizwa na watu "Yule mgeni ni nani?", na jibu lake litatembea shehia nzima kabla ya wewe kufika skuli. Kuhusu kodi, wenye nyumba wengi hutaka miezi kadhaa mbele. Ulizia maji yanatoka wapi na hukatika kiasi gani, kisha andikianeni makubaliano mbele ya shahidi.

Mavazi ni sehemu ya kazi. Mwanamke avae nguo ndefu isiyobana na mtandio, mwanamme suruali ndefu na shati. Kaptura ni ya pwani. Watu hawatakukemea ukivaa vyengine, watanyamaza tu, na ukimya huo ndio utakaokugharimu, kwa kuwa mzazi aliyekunyamazia hatamruhusu mtoto wake akae nawe chini ya mwembe. Wasalimie watu kabla hawajakusalimia: wakubwa kwa "Shikamoo", au "Assalaam alaykum" unapopita barazani penye watu. Salamu isiwe ya kukimbilia. Mtu akikuuliza habari za nyumbani anataka jibu, na wewe nawe muulize za kwake, za watoto na za kazi. Kwa mtafiti wa lugha hizo si dakika zilizopotea, maana hapo ndipo sikio linapozoea.

Kuingia skuli

Siku ya kwanza nenda asubuhi, peke yako au na afisa wa Wizara, bila ya kamera. Mwalimu mkuu mpe barua zake, kisha msikilize. Atakueleza kama skuli ina mikondo miwili, asubuhi na mchana, madarasa yana wanafunzi wangapi, na Ijumaa watoto hutoka saa ngapi kwa ajili ya sala. Usimpangie ratiba, mwombe akupangie yeye, halafu uifuate. Walimu nao waeleze kinagaubaga kwamba hukuja kuwakagua. Neno "utafiti" masikioni mwa mwalimu aliyezoea wakaguzi halina tofauti kubwa na ukaguzi, na mwalimu mwenye wasiwasi huwafundisha watoto majibu kabla hujaingia.

Wiki za mwanzo kaa nyuma ya darasa, kwenye dawati pamoja na watoto, na usirikodi chochote. Andika tu: mwalimu anauliza kwa lugha gani, watoto wanajibu kwa lugha gani, na ni wapi mwalimu anaacha Kiingereza na kurudi kwenye Kiswahili ili aeleweke. Katika somo la Sayansi la darasa la tano utaiona hali hiyo waziwazi: neno la Kiingereza linaandikwa ubaoni, watoto wanalitamka kwa pamoja mara tatu, kisha maelezo yote yanakwenda kwa Kiswahili. Ni mwalimu mzuri anayefanya hivyo, na ripoti yako isimwonyeshe kama mvunja sheria.

Utaombwa usomeshe Kiingereza, hasa ukiwa umetoka Ulaya au Kenya. Maoni yangu ni kwamba usikatae kabisa, kwa sababu skuli inakupa mengi na haki yake ni kupata chochote kutoka kwako. Lakini usisomeshe darasa unalolitafiti. Ukishashika chaki mbele ya watoto hao umeshakuwa mwalimu wao, na watoto hawazungumzi na mwalimu kama wanavyozungumza wao kwa wao. Saidia darasa jengine, au kikundi cha mchana, au maktaba.

Ridhaa ya wazazi itafute kupitia kamati ya skuli. Omba nafasi katika mkutano wa wazazi, usimame, useme kwa Kiswahili chepesi: utarikodi sauti, hutopiga picha, sauti hazitowekwa kwenye mitandao, jina la mtoto halitoandikwa, na mzazi anaweza kubadili mawazo wakati wowote. Fomu za chuo chako zisome kwa sauti kabla ya kuomba saini, na asiyeweza kuandika atie dole gumba mbele ya shahidi anayemwamini. Baada ya mzazi, muulize mtoto mwenyewe. Mtoto anayesema "ndiyo" huku akitazama chini hajakubali, mwache akacheze.

Kurikodi

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, kwa hiyo nitaeleza kwa urefu. Usimhoji mtoto peke yake chumbani mwa mwalimu mkuu. Waweke wawili wawili au watatu, marafiki wa kweli, nje ya darasa, pahala penye kivuli na pasipo na upepo mkali, wakati wa mapumziko au baada ya masomo. Wape kazi ya kufanya, siyo maswali ya kujibu. Mwambie mmoja amweleze mwenzake namna ya kutega samaki, au kanuni za mchezo wa nage, au jinsi pweza anavyotolewa pangoni maji yakishatoka. Wasichana wa darasa la sita wakibishana kuhusu nani ametolewa kwenye nage husahau kama una kinasa sauti. Hadithi nazo ni hazina: ukisema "Paukwa!" nao wakaitikia "Pakawa!", mlango umefunguka, lakini mpe mtoto mkubwa awasimulie wadogo, kwa sababu akikusimulia wewe ataitafsiri hadithi katika Kiswahili cha mgeni.

Tafuta msaidizi kutoka shehia hiyo hiyo, kijana aliyemaliza sekondari ambaye watoto wanamjua. Kumleta msaidizi kutoka mjini Unguja uende naye Pemba ni kujiongezea mgeni wa pili, maana mbele ya mtu wa mjini watoto wa shamba huanza kujirekebisha pale pale. Patana naye malipo mapema, mlipe kwa wakati, na jina lake litaje katika shukrani ikiwa mwenyewe anapenda.

Tofauti utakayoisikia ni ya wazi. Darasani mwalimu anauliza, "Nani amekuja?" na darasa zima linajibu, "Mgeni amekuja, mwalimu." Dakika tano baadaye, uwanjani, mtoto yule yule anamwita mwenzake: "Njoo, mgeni kaja!" Data yako ni sentensi zote mbili, pamoja na kila kilichobadilika baina yake: pahala, mtu anayeambiwa, na sababu ya kusema. Andika mambo hayo siku hiyo hiyo jioni, kwa sababu kinasa sauti hakikumbuki nani alikuwa amesimama wapi.

Umeme hukatika, hivyo chaji vifaa kila unapopata nafasi, na kila jioni weka nakala mbili za sauti katika vifaa viwili tofauti, kimoja kikae nyumbani.

Kunukuu

Anza kunukuu ukiwa bado kijijini. Ukingoja mpaka urudi Nairobi au Ujerumani, hakutakuwa na mtu wa kumwuliza yule mtoto alikusudia nini. Programu kama ELAN hukuwezesha kuunganisha sauti na maandishi ili kila sentensi irudiwe kusikilizwa. Tumia mistari miwili: wa kwanza uandike kama mtoto alivyosema, wa pili uandike Kiswahili Sanifu. Akisema "nshakula", iache "nshakula" katika mstari wa kwanza, usimsafishie. Watafiti wanaozungumza Kiswahili tangu utotoni ndio wanaoharibu zaidi hapa, kwa sababu masikio yao hurekebisha bila ya wao kujua, na mtafiti wa Mombasa huenda akasikia Kimvita pasipokuwa na Kimvita. Kila kipande kisikilizwe na mtu wa shehia ile kabla hujakihesabu kuwa kimekamilika.

Katika uchambuzi, usiite lahaja "makosa". Yapo makosa ya kweli ambayo mtoto anayejifunza hufanya, na yapo maumbo ya lahaja ambayo babu yake aliyatumia kabla ya kamati yoyote ya lugha. Mtafiti analipwa, au anapewa shahada, ili atenganishe mawili hayo. Mtoto wa Pemba anayehamia mjini huchekwa kwa msemo wake, na ripoti ya kitaalamu inayouita msemo huo upungufu inawapa wanaomcheka hoja mpya. Jambo hili nalisisitiza kuliko yote mengine katika mwongozo huu.

Kabla ya kuondoka

Andika muhtasari wa kurasa chache kwa Kiswahili kinachosomeka, uwape mwalimu mkuu na kamati ya skuli, na nakala zake zipeleke Wizarani, Afisi ya Mtakwimu Mkuu na kwa mwenyeji wako SUZA. Tasnifu ikishakamilika itume pia. Afisi nyingi zimechoka na watafiti walioahidi na wasionekane tena, na anayelipia ni mtafiti atakayekuja baada yako. Lipa madeni yote, muage sheha, na muage kila mwalimu kwa jina lake.

Halafu waite watoto uliowarikodi, pamoja na wazazi wanaoweza kufika, uwasikilizishe sauti zao. Watacheka, watasahihishana, na mara nyingi watakueleza jambo ambalo hukulielewa wakati wa kunukuu, kwa hiyo kaa na daftari. Waulize mmoja mmoja kama kuna pahala hawapendi pabaki. Mtoto au mzazi akitaja kipande, kifute hapo hapo mbele yao katika vifaa vyote viwili, kisha ukiondoe na katika maandishi.